Tupeane uzoefu: mimba, msimu wa hoteli na haki ya kazi Malindi

Pwani Wima
Masika yakiingia hoteli za Malindi hupunguza watu, na wajawazito ndio hutangulia kuambiwa "mkataba wako umeisha." Wanaozijua sheria za kazi, karibuni. Mtu afanye nini, lini, na kwa karatasi gani?

Bi Faili
Aanze na barua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haiguswi. Taarifa itolewe kwa maandishi siku 7 kabla, au pungufu kukiwa na sababu. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, apewe. Toa nakala 2: moja ipigwe muhuri, au aliyepokea aandike jina na tarehe kwa mkono wake. Wengi hukwama hapa. Walimwambia supavaiza kwa mdomo, jikoni, na kesi ikifika supavaiza mwenyewe keshahama.

Mzee wa Kaunta
Hilo la mkataba kuisha tusidanganyane. Mkataba wa msimu ukifika tarehe yake umekwisha, na kwa kawaida mahakama haimlazimishi mwajiri kuuongeza. Swali ni hili: waliosaini pamoja, idara moja, wangapi wamerudishwa? Wa usafi wa vyumba wakiitwa wote akaachwa mwenye tumbo peke yake, si habari ya tarehe tena. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mimba, tangu kuajiri hadi kuachisha. Akishaonyesha dalili hizo, ni mwajiri wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwa hivyo rota ya ukutani, yaani orodha ya zamu, ni mali: ipigwe picha ya mwezi wa mwisho, kisha ile mpya hoteli ikifunguliwa.

Shela Juu
Na asiye na mkataba? Huku Lamu kuna mayaya na wapishi wa majumba ya wageni, hulipwa kwa simu tu.

Bi Faili
Kazi ya miezi 3 au zaidi, mkataba wake huandikwa na mwajiri. Asipouleta mahakamani, ni juu yake kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi. Toeni taarifa ya M-Pesa: kiasi kilekile, namba ileile, kila mwisho wa mwezi. Mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe, na simu isiuzwe. Yakichapishwa yaende na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ni simu gani na nakala ilitolewaje. Bila cheti hicho wakili wa upande wa pili ataomba yatupwe.

Tena, mtu asisaini karatasi ya "sina dai lolote" ili apewe mshahara wa siku zake za mwisho. Karatasi hiyo humrudi.

Mzee wa Kaunta
Muda nao. Aliyefutwa ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kufungua kesi. Miaka hiyo haisimami eti kwa kuwa mnazungumza. "Njoo wiki ijayo" hula kesi nzima. Mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hakimu anasikiliza. Ukizidi, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Malindi pia. Fidia ya kufutwa isivyo haki haivuki mishahara ya miezi 12, na si kila mtu hupewa yote.

Pwani Wima
Na bosi anayeshikashika watu?

Bi Faili
Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira. Mwajiri wa watu 20 na zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, inayosema malalamiko hupelekwa wapi na kwamba jina la mlalamikaji halitangazwi. Tatizo, utaikuta imebandikwa ndani ya ofisi ya bosi yuleyule. Ombeni nakala kwa barua, mkiwa wengi, na kama mpokea malalamiko ndiye mlalamikiwa, andikeni humohumo kwamba mnataka apokee mwingine.