Tupeane uzoefu: beringi za tela kuungua na mzigo mzito, wewe ilikukuta wapi na sasa unazuiaje?

Mpakizi wa Mkoani (mwenye mada)
Asalaam alaykum jamaa zangu. Nina tela la ekseli moja, nalivuta kwa pikapu. Kazi yangu ni kupokea saruji bandarini Mkoani, Pemba, na kuwapelekea wajenzi, Chake mpaka Wete. Wiki iliyopita nilipakia mifuko 30 ya kilo 50, yaani tani moja na nusu. Nilipopita Mtambile nikaanza kusikia mngurumo, nikadhani ni barabara. Kwenye mteremko nikaona moshi kwenye kioo, upande wa kushoto. Kabla sijasimama vizuri, tela likalala, na tairi likanipita mbiombio likaingia kwenye mihogo ya watu. Mwenye shamba alikuwa analima, hatua 20 hivi kutoka pale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, saruji si kitu.

Habu, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi, tulipoitazama, beringi ya ndani imesagika, vipande vimegeuka rangi ya buluu na ncha ya ekseli imeliwa. Grisi imekauka kama masizi ya sufuria. Tela lile nililinunua mkononi mwa mtu miaka 2 nyuma na habu sikuifungua hata siku moja. Kila aliyekutwa na jambo kama hili naomba asimulie.

Fundi wa Amani
Pole sana, na tumshukuru Mungu yule mkulima hakuguswa.

Beringi haifi siku moja, ndugu yangu. Kwanza grisi inaisha au inaingia mchanga, halafu kikombe kinachogongewa ndani ya habu kinaanza kutoboka vidoa, halafu ndiyo mngurumo. Ile buluu ni chuma kilichopikwa. Beringi iliyofika hapo haina dawa, hata ukiipaka grisi bora duniani.

Matela mengi yanayopita karakana yangu yameungwa kwa ekseli za magari madogo yaliyokufa. Ekseli ile ilizoea kubeba nusu ya gari dogo, leo inabebeshwa tani na nusu. Watu wanadhani mzigo ukizidi mara mbili, umri wa beringi unakuwa nusu. Sivyo. Kwa beringi hizi za mshazari, zile ambazo vigololi vyake ni virefu na vimelala kwa kuinama, umri unashuka mpaka kama sehemu moja ya kumi. Iliyokuwa idumu miaka 5 unaizika kwa miezi 6. Kwa hiyo kabla ya kuuliza grisi gani, uliza ekseli yako ni ya kilo ngapi. Na upange mzigo katikati, kwa sababu mifuko ikiegemea kushoto, beringi za kushoto zinabeba deni la wote wawili.

La pili ni kukaza. Nimeua beringi mpya kabisa kwa jambo hili nilipokuwa nikijifunza kazi: nilikaza nati kwa spana ndefu kwa nguvu zangu zote, nikiamini tairi likikazwa sana halitatoka. Gari la mteja halikufika mbali, likarudi linanuka. Siku hizi nazungusha tairi kwa mkono huku nakaza, ili beringi ikae mahali pake. Kisha nalegeza nati yote, nairudisha kwa vidole tu, natia kotapini, ile pini ya kukunja inayoizuia nati isifunguke. Tundu lisipolingana nalegeza kidogo, sikazi. Na kotapini iwe mpya kila mara. Ile ya zamani ukiikunja tena inakatika, na ikikatika hakuna kinachoizuia nati.

Boti ya Nungwi
Mie tela langu linabeba boti, kwa hiyo adui yangu ni maji ya chumvi. Nilipoteza beringi mara 2 mwaka mmoja bila kujua sababu, ilhali grisi natia. Mzee mmoja wa pwani ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nafika kutoka mjini habu zina moto, maji ya bamvua yameshajaa, na kwa haraka narudisha tela moja kwa moja baharini. Habu yenye moto ikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira unaoziba nyuma ya habu. Nilipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama tui la nazi.

Sasa nikifika nasimama nusu saa, nafungua kamba taratibu, naongea na watu, mpaka habu zipoe. Tela likitoka baharini naliosha kwa maji ya mfereji, wala simpi mtu mpira wa maji ya kasi aielekeze kwenye sili. Na habu nafungua kila baada ya miezi 3, hata kama hazilalamiki.

Mwani Jambiani
Ngoja nami niseme, ingawa sisi hatuna boti. Mume wangu analeta mwani mbichi kutoka ufukweni kwa tela dogo. Mwani mbichi unachuruzika maji ya chumvi njia nzima, tena juu ya magurudumu yenyewe, na mchanga wetu ni laini kama unga. Sili ilikuwa imepasuka na hatujui. Tangu tufunge sili mpya na kutandika turubai chini ya mzigo lipitilize pembeni ya tairi, mwaka wa pili huu hatujabadilisha beringi.

Dereva wa Konde
Gari ya ng'ombe ya babu nayo inatumia ekseli ya gari, na ilivunjika vilevile msimu wa karafuu. Kwa hiyo mwenye ng'ombe asijione yuko nje ya mada hii.

Kijana wa Wete
Swali kwa bwana fundi: njiani nitajuaje kabla haijafika kwenye moshi? Na dukani nikitaka beringi, naomba vipi?

Fundi wa Amani
Swali zuri. Njiani simama baada ya kilomita 10 hivi za mwanzo, kisha kila ukipumzika. Sogeza mgongo wa mkono karibu na habu kwanza, usiishike ghafla. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha kiganja pale, au moja ina moto na mwenzake imepoa, ndipo hapo penye ugonjwa, wala usiseme nitafika tu. Kama tela lina breki, inaweza pia kuwa breki imeng'ang'ania. Nyumbani, nyanyua kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza sana, au ukilizungusha linakwaruza, fungua.

Dukani nenda na beringi ya zamani mkononi, au namba iliyochorwa juu yake. Kwa nyingi za milimita, tarakimu 2 za mwisho zidishe kwa 5 upate upana wa tundu la ndani: 30206 ni milimita 30. Nunua na kikombe chake. Beringi mpya kwenye kikombe kilichotoboka haimalizi safari. Osha habu kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, na usiizungushe beringi kwa hewa ya pampu. Grisi iwe ya beringi za magurudumu, isukume kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, na usichanganye na ile ya zamani ya aina nyingine. Habu yenyewe usiijaze pomoni, kwa sababu grisi iliyobanwa nayo inaleta moto.

Mpakizi wa Mkoani (mwenye mada)
Ahsanteni, Mungu awalipe. Baada ya kusoma nilifungua upande wa kulia, ule niliodhani mzima. Kikombe kimeshaanza vidoa na grisi ni nyeusi. Nimebadilisha pande zote mbili, sili na kotapini mpya, na nimekaza kwa vidole kama alivyosema fundi. Ekseli nimeambiwa inafaa kilo 800, kwa hiyo ukitoa uzito wa tela lenyewe, kwa sasa napakia mifuko 12, mpaka nipate ekseli kubwa. Kesho baada ya sala ya alfajiri naondoka na mzigo. Nitasimama kabla ya Mtambile niguse habu zote mbili, kisha nitawaletea hapa zimefikia wapi.