Canonet, Olympus 35 RC au Yashica Electro? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Kivuli36
Hodi humu ndani, ba ndugu. Kuna mzee hapa Lubumbashi anauza kamera zake za filamu, tatu, zote zile ndogo za zamani ambazo lenzi haibanduki na unalenga kwa kuvuta vivuli viwili mpaka viwe kimoja. Canon Canonet QL17 GIII, lenzi ya 40mm f/1.7, dola 130. Olympus 35 RC, 42mm f/2.8, dola 90. Yashica Electro 35 GSN, 45mm f/1.7, dola 70. Nimezishika zote. Yashica ndiyo kubwa na nzito kuliko zote, lakini unachagua tundu la lenzi tu, kasi inajipanga yenyewe. Moyo wangu uko huko. Nitakosea? Tangu Jumapili usingizi umenipotea.

Fundi_wa_Saa
Ndugu, mimi natengeneza saa Kamalondo, na kamera za namna hiyo zimepita mezani kwangu. Anza na betri. Canonet na Olympus ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ile ambayo leo haiuzwi tena. Lakini shata zake, yaani kile kimlango kinachofunguka kupitisha mwanga, ni chuma na springi tu. Betri ikifa, kipimo cha mwanga ndicho kinalala. Wewe unapanga kasi na tundu kwa mkono, kazi inaendelea. Shata ya Yashica inaamriwa na umeme. Bila betri inabaki na kasi moja, 1/500 ya sekunde, na ndani ya nyumba hiyo ni giza tupu. Betri yake ya asili ilikuwa ya volti 5.6. Siku hizi watu wanatia ya volti 6 na springi ndogo ya kujazia nafasi. Ikikufia Kasumbalesa saa mbili za usiku utaipata kwa nani?
Halafu, unataka kupiga picha za nini?

Mama_Katuba
Mwanangu umenikumbusha mbali. Baba yetu alikuwa akitupeleka studio kila Mwaka Mpya, watoto sita, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa. Mpiga picha alikuwa na viatu vyeupe vya kuazimisha, pea moja tu. Kwenye picha nimevivaa mimi, mdogo wangu amefichwa miguu nyuma ya kiti. Ile picha ninayo hadi leo, haijafifia. Nunua yoyote.

Mfuko_wa_Shati
Achana na zote tatu, tafuta Olympus XA. Ilitoka 1979, ni kazi ya Maitani, mbunifu wa kamera za Olympus, 35mm f/2.8, inaingia mfuko wa shati na inakula betri ndogo za kawaida. Mimi nimetembea nayo Likasi na Kolwezi, hakuna aliyejua kwamba nina kamera.

Kivuli36
Aksanti yaya, mkubwa wangu, lakini XA sina wa kuniuzia. Niko na hizi tatu.

Fundi_wa_Saa
Swali langu hujalijibu. Picha za nini, na za nani?

Kivuli36
Za watu. Kuna komunyo ya kwanza ya binti mmoja, ndani ya kanisa, baada ya wiki tatu. Mama yake amenipa avansi, hela ya mwanzo.

Mwanga_Haba
Sasa unaanza kusema! Kanisani Olympus itakubana. Kati ya f/2.8 na f/1.7 mwanga unaoingia unazidi karibu mara tatu. Na filamu moja ina picha 36, basi. Lakini kama tayari unalipwa avansi, bila shaka una kamera ya kazi. Kwa nini usiende nayo hiyo?

Kivuli36
Nilikuwa nayo, ya dijitali. Niliiuza wiki iliyopita. Ndiyo hela ninayonunulia hii.
Najua mtasema nini. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu waliniibia ndani ya basi la kwenda Kenya, ile komuni ya hapa mjini. Kilichobaki ni picha moja ya mwaka 1987, nyeusi na nyeupe, na negativu yake iko salama kwenye bahasha. Nimekaa na ile negativu usiku mzima nikiielekeza kwenye taa. Tazameni Sammy Baloji, msanii wa picha, mwana wa mji huu: anachukua picha za kale za kumbukumbu na kuzipandikiza juu ya magofu ya Gécamines, kampuni ya madini, na watu wa nchi nyingi wanasimama kuzitazama. Angezipata wapi kama mtu fulani hakuzitunza? Sitaki tena kumpa mtu picha ambayo itakufa pamoja na simu. Kuosha filamu ya nyeusi na nyeupe nimeshajifunza, nina D-76, dawa ya kuoshea, nyumbani na nimeosha filamu nne.

Mama_Katuba
Pole sana kwa mama, Mungu amlaze pema. Lakini nisikilize kama mtoto wangu. Binti wa watu anapokea komunyo ya kwanza mara moja tu. Kilio chako usikimalizie kwenye gauni lake jeupe. Mama yake anajua kwamba umeuza kamera?

Kivuli36
Bado sijamwambia. Lakini picha zitakuwa nzuri kuliko alizozoea.

Mutoto_ya_Lshi
Bongo! Uongo mtupu! Ba yaya, hamuoni? Hakuna mpiga picha wa hapa anauza kamera inayomlisha. Tazameni uzi vizuri: bei tatu, namba za lenzi zote sawasawa, kisha machozi. Huyu njo yule mzee mwenyewe, anatafuta wanunuzi. Kesho atasema "nimechukua Canonet, mbili zimebaki, nani anataka?"

Mfuko_wa_Shati
Hata mimi nilishtuka. Mtu mwenye D-76 nyumbani anakuja kutuuliza mambo ya betri?

Mwanga_Haba
Weka picha ya hizo kamera pamoja na karatasi yenye jina lako la humu.

Mama_Katuba
Mtu akimzika mama yake mnamuomba karatasi? Aibu.

Fundi_wa_Saa
Tulieni. Kuna njia itakayomsaidia akiwa mkweli, na akiwa mwongo itamchosha. Kivuli, rudi kwa mzee. Shika Yashica, vuta wenzo wa filamu polepole hadi mwisho. Ikiwa nzima utasikia "tok" tumboni mwake. Mle ndani mna kipande kidogo cha mpira, kinazeeka na kusagika. Kikiisha ile "tok" inapotea na kasi zinaanza kukudanganya. Kwenye Canonet, fungua mgongo utazame sponji za kuzuia mwanga, kisha piga shata mara kumi kwa kasi ya chini kabisa, uone kama visu vyake vinafunga bila kunata. Muuzaji hawezi kuja kutuambia habari mbaya za mali yake.

Kivuli36
Nimetoka huko sasa hivi, viatu bado vina vumbi.
Yashica haina "tok". Nimevuta mara nane, kimya. Mzee mwenyewe hakuwa akijua, alikaa akaiangalia kwa huzuni.
Canonet: sponji zimekuwa kama lami, zimenichafua vidole, lakini visu vinafunga safi. Olympus ina ukungu ndani ya lenzi, kama utando wa buibui upande mmoja.
Na jambo jingine sikuwaambia. Ile Yashica nilikuwa nimeshailipia dola 40 tangu Jumapili. Ndiyo maana nilikuwa naitetea. Mzee amekubali hizo 40 zihamie kwenye Canonet, na zilizobaki nimlipe mwisho wa mwezi.

Mutoto_ya_Lshi
Sawa, nimekosa. Unisamehe ndugu. Na pole ya mama.

Mama_Katuba
Na mama wa binti?

Kivuli36
Nimempigia simu nikiwa njiani. Alinyamaza kwanza, nikadhani amekata. Kisha akasema avansi nisirudishe, ila nisikose. Kuna mwenzangu wa Ruashi atakuja na dijitali yake kupiga ndani ya kanisa, tutagawana. Mimi nimeachiwa filamu moja, nje, baada ya misa: binti pamoja na bibi yake. Bibi huyo ana picha ya kitambulisho tu.

Fundi_wa_Saa
Nje jua litakutosha hata bila kipimo. Ukitia filamu ya ISO 400, weka kasi ya 1/500 na tundu f/16 juani. Wakisimama kivulini fungua hadi f/5.6. Usimsogelee bibi chini ya sentimita 80, haitalenga. Ukitaka kipimo kifanye kazi, tafuta betri za vifaa vya masikio, namba 675, ni volti 1.4. Sponji usizikwangue kwa kisu. Chukua kijiti cha meno na spiriti kidogo, na mgongo uelekee chini ili uchafu usiingie kwenye shata. Au lete Kamalondo Jumatatu, nitakuonyesha, sitaki hela.

Kivuli36
Jumatatu asubuhi niko kwako, yaya.

Mutoto_ya_Lshi
Ile ya bibi utatuwekea hapa?

Kivuli36
Nitamuuliza yeye kwanza.