Lamu kupata mgao mkubwa kwa kila mkazi kuliko Kiambu: ni upendeleo?

Mwalimu wa Visiwani

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Naomba msaada wa hesabu, maana mjadala umenishinda kwenye kikundi cha WhatsApp cha shemeji zangu wa Kiambu. Mmoja wao alichukua mgao ambao kaunti ya Lamu ilipata kutoka serikali ya kitaifa mwaka wa fedha 2021/22, kama shilingi bilioni 3.1, akaugawa kwa watu 143,920 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2019. Akapata zaidi ya shilingi 21,000 kwa kila mtu. Akageukia Kiambu, bilioni 11.7 kwa watu milioni 2.4, ikatoka kama shilingi 4,800. Kisha akaniuliza, "Sasa nyinyi huko mnalilia nini?"

Hesabu yake nimeirudia, haina kasoro. Lakini mimi nafundisha Lamu Mashariki. Mama mjamzito akizidiwa usiku huku kwetu, hutafutwa boti, kisha mafuta ya boti, kisha nahodha atakayekubali kutoka wakati kusi imevuma na bahari imechafuka. Dawa za zahanati hukatika, tukaambiwa tusubiri mgao kutoka Nairobi. Kama kweli kila mmoja wetu anapata mara nne ya mtu wa Kiambu, pesa hizo zinaishia wapi? Zinaliwa zote? Au kuna jambo kwenye hesabu hii silioni?

Naomba wajibu wanaojua bajeti. Siasa za vyama tuziweke kando.

Mlipakodi wa Ruiru

Mwalimu, pole kwa hayo ya usiku, sikuombei yakukute tena. Lakini shemeji yako ana hoja na lazima isikike. Huku kwetu watu wanahamia kila mwezi. Hospitali ya Thika inatibu wagonjwa wa kaunti za jirani pamoja na wetu, na hakuna anayetuletea pesa zao nyuma yao. Mitaro ya maji taka ilichimbwa kwa ajili ya watu wachache, leo tumejaa magorofa. Tunaposema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, hatumchukii mtu wa Lamu. Mtoto wa Ruiru naye ana haki ya kupata chanjo bila mama yake kupanga foleni tangu alfajiri.

Nesi wa Isiolo

Ndugu wa Ruiru, kaunti yangu ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, kama mara kumi ya Kiambu. Watu ni 268,002. Nikitaka kuchanja watoto mia moja sikai mahali nikawasubiri. Natafuta gari, mafuta, dereva na sanduku la barafu, na familia zenyewe zimehama na mifugo. Ukubwa wa eneo umekuwa ukipewa asilimia 8 tu kwenye fomula ya kugawia kaunti pesa za taifa. Chanjo ni ile ile, ila kumfikia mtoto wa huku hakugharimu kama kumfikia mtoto wa Ruiru.

Mama Bajeti

Mwalimu, nilifanya kazi ya bajeti katika kaunti moja ndogo, si Lamu, tangu serikali za kaunti zianze 2013 hadi nilipostaafu. Swali lako linaniuma, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa watu wenye nia njema na wenye nia mbaya, na majibu yanayotolewa huwa ni ya kelele. Nitajaribu kukujibu nilivyoliona mezani.

Shemeji yako amegawa pesa kwa vichwa. Kabla ya kugawa kwa vichwa ondoa kwanza gharama ya serikali yenyewe kuwepo. Gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti, katibu wa kaunti, maafisa wakuu, bodi ya utumishi, spika, karani wa bunge, wakaguzi wa ndani, watu wa ununuzi, wahasibu. Katiba imejaribu kupunguza mzigo kidogo: bunge la kaunti likiwa na wajumbe chini ya 30, mawaziri wasizidi theluthi ya idadi yao. Lamu ina wadi 10, Nairobi 85. Hata hivyo idara ya afya ni lazima iwe na mkurugenzi, iwe inahudumia watu laki moja na nusu au milioni nne. Kodi ya nyumba haipungui kwa kuwa unaishi peke yako. Katika kaunti yetu, mishahara na gharama za ofisi zilikuwa zimekwisha kumeza sehemu kubwa kabla hatujazungumzia kisima hata kimoja. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ukiwa mdogo, kikomo hicho unakivuka kwa kuajiri wauguzi tu.

Ndiyo maana kila fomula ambayo Seneti imepitisha ina fungu linalogawanywa sawasawa kwa kaunti zote 47. Ya kwanza iliweka asilimia 25, ya pili 26, ya tatu ikashusha hadi 20. Mtakumbuka ile ya tatu ilivyowagawanya maseneta mwaka 2020. Walikutana wakashindwa, wakakutana tena wakashindwa, kaunti nyingi za kaskazini na Pwani zikiona zitapoteza. Suluhu ilipatikana Septemba, jumla ilipokubaliwa kupanda kutoka bilioni 316.5 hadi 370 mwaka uliofuata, ili pasiwe na kaunti ya kushuka chini ya ilichokuwa ikipata. Mwaka 2025, kwenye fomula ya nne, zile bilioni 387.425 za mwaka uliotangulia ziliachwa kama msingi, na mvutano ukawa juu ya nyongeza ya kufikia bilioni 415. Katika nyongeza hiyo bilioni 4.46 zilitengwa kwa kaunti 12, Lamu ikiwemo, pamoja na Isiolo, Samburu, Tharaka Nithi, Taita Taveta na nyingine. Zilizobaki zikagawanywa kwa idadi ya watu asilimia 45, mgao wa sawasawa 35, umaskini 12, eneo 8. Mimi nilifurahi kuona fungu la kaunti hizo 12 likitajwa waziwazi, maana kwa miaka mingi tulibembeleza jambo hilo kwa kulificha ndani ya vigezo vingine.

Lakini Mwalimu, zahanati yako haikosi dawa kwa sababu ya fomula peke yake. Kwa niliyoyaona mimi, kilichotuumiza zaidi ni tarehe.

Kiasi kilichoandikwa kwenye sheria si pesa zilizoko benki. Mgao hutakiwa kuja kila mwezi, na Katiba inasema uletwe bila kucheleweshwa isivyostahili. Ukichelewa, Kiambu na Nairobi zinaumia, ila zina maegesho, kodi za majengo, leseni za maduka, vibali vya ujenzi. Zinaweza kuhema. Kaunti ndogo itahemea wapi? Mji wa kale wa Lamu njia zake ni za watu na punda, huwezi kutoza maegesho. Ardhi kubwa ya kaunti kame ni ya jamii, huwezi kuitoza kodi kama viwanja vya Ruiru. Kunabaki ushuru wa soko na samaki, na hata huo mwezi wa bahari mbaya haupatikani. Pesa wanazolipa wagonjwa, kwa sheria ya 2023, zibaki hospitalini zilikokusanywa. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila zikiingizwa kwenye takwimu za mapato ya ndani, mtu wa nje anadhani ofisi ya fedha ina uwezo ambao haina.

Basi mgao unachelewa miezi miwili, mitatu. Ukiingia, wa kwanza ni mishahara iliyolala. Kisha makato ya wafanyakazi, ambayo yakichelewa yanavuta faini, na faini hiyo haikuwa kwenye bajeti. Msambazaji wa dawa anayetudai anafunga mlango hadi alipwe deni la zamani, kwa hiyo pesa za dawa za robo hii zinalipia dawa zilizokwisha kunywewa. Aliyetuuzia mafuta ya ambulensi anaanza kupandisha bei, kwa kuwa anajua atalipwa mwaka ujao. Hapo ndipo zile 21,000 za shemeji yako zinapopungua bila mtu kuiba hata senti. Tunanunua kitu kile kile kwa bei ya mtu asiyeaminika.

Halafu fungu la mwisho linaingia siku za mwisho za Juni, mwaka wa fedha ukiwa unafungwa. Tulikuwa tunalala ofisini tukipitisha hati za malipo, na kila ombi la kutoa pesa lazima Mdhibiti wa Bajeti aliidhinishe kabla pesa hazijatoka. Saa zikiisha, mradi unasukumwa mwaka unaofuata, na ripoti inaandika kwamba kaunti imeshindwa kutumia pesa za maendeleo. Kisha mtu anasimama bungeni akisema kaunti ndogo zinapewa pesa hazijui la kuzifanyia. Maneno hayo yalikuwa yakinikera mno.

Chukueni 2024. Kaunti zilikuwa zimepanga bajeti kwa hesabu ya bilioni 400.1. Mswada wa Fedha, uliokuwa wa kuongeza kodi, ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni, pendekezo likashuka hadi bilioni 380, wabunge na maseneta wakavutana, wakatulia kwenye 387.425. Kaunti kubwa hapo huahirisha barabara moja. Kaunti ndogo haina mradi wa kuahirisha isipokuwa ule mmoja iliokuwa nao.

Sisemi hakuna wizi. Upo, na ajira za jamaa zipo, nimeziona. Anayeiba katika kaunti ndogo ndiye ninayemchukia zaidi, kwa sababu anaiba mahali ambapo hakuna akiba.

Mlipakodi wa Ruiru

Mama, hili la tarehe sikuwa nimeliwaza. Mimi bado nasema idadi ya watu ipewe uzito mkubwa, msimamo wangu sijaubadilisha. Lakini naona kitu kimoja tunachoweza kukidai pamoja, Kiambu na Lamu: pesa zije mwezi wake. Hata sisi tunao wakandarasi wanaouzwa mali zao na benki.

Swali: si kuna ile hazina ya kusawazisha? Kwa nini isibebe hawa wadogo, sisi tukabaki na fomula ya vichwa?

Mama Bajeti

Ipo. Kifungu cha 204 cha Katiba, nusu asilimia ya mapato yote ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Lamu na Isiolo zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Shida ni kwamba pesa zake hazikutoka kikamilifu kwa miaka mingi, na Katiba iliipa hazina hiyo miaka 20 tu tangu 2010, Bunge lisipoiongezea muda. Tena haikuundwa kulipa mishahara ya wauguzi. Unaweza kujenga zahanati kwa pesa hizo ukakosa wa kuifungua. Kwa hiyo hapana, haiwezi kushika nafasi ya mgao wa sawasawa.

Mwalimu wa Visiwani

Mama, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Ile ya kununua kwa bei ya mtu asiyeaminika nimeielewa vizuri sana, maana duka la hapa bandarini linamuuzia mwalimu kwa mkopo kwa bei tofauti na ya mwenye pesa taslimu.

Niombe la mwisho. Watu wa kaunti wakija kwenye kikao cha wananchi, huwa tunauliza "mbona hakuna dawa?" na wao wanajibu "mgao umechelewa", kikao kinakwisha. Tuulize nini?

Mama Bajeti

Msiulize siku ya kikao tu. Taarifa ya mwelekeo wa fedha ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Februari 28. Hapo ndipo viwango vya kila idara hupangwa. Makadirio ya bajeti yenyewe hufuata kufikia Aprili 30. Mkija Juni mmechelewa, kila kitu kimekwisha fungwa.

Ombeni orodha ya madeni ambayo hayajalipwa, kwa idara, na umri wa kila deni. Swali hilo wasilikwepe. Kisha soma ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ya kila robo mwaka, hutolewa kwa umma. Inaonyesha kaunti yako ilipokea kiasi gani na ilitumia kwa nini. Linganisha tarehe. Kama mgao uliingia Novemba na safari za nje zikalipwa Novemba hiyo hiyo, huku dawa zikisubiri hadi Machi, basi jibu la "umechelewa" ni uongo, na una karatasi mkononi ya kulithibitisha hilo mbele ya mwakilishi wadi wako. Kama dawa zililipwa wiki ile ile pesa zilipoingia, basi watu wenu wamejitahidi na malalamiko yapelekwe Nairobi.

Kwenu pia daini mafuta ya boti ya wagonjwa yawe na mstari wake kwenye bajeti. Ukiwekwa ndani ya "usafiri" kwa jumla, utaliwa na magari ya maafisa. Andikeni barua mapema Januari, mwombe uandikwe peke yake, kwa jina lake.