Usubi wa Bradysia ni wa familia gani?

Swali: Ndugu zangu, katika banda langu la uyoga hapa Wakiso kuna usubi mweusi ambao kitabu kimoja cha zamani kinauweka katika familia ya Mycetophilidae, ilhali mkufunzi wangu anasema ni Bradysia, tena wa Sciaridae. Nani yuko sahihi?

Jibu la kwanza: Mkufunzi wako, ndugu. Jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Bradysia, iliyoanzishwa na mtaalamu wa wadudu Winnertz mwaka 1867, imo katika Sciaridae, kundi ambalo waandishi wengi wa zamani walilihesabu kuwa tawi tu la Mycetophilidae. Tazama kwa lenzi: macho yake huungana juu ya vipapasio kama daraja jembamba.

Jibu la pili: Daraja hilo huonyesha familia tu, spishi hutambuliwa hasa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini.