Dalsima ya mtumba: nikague nini?

Wakuu, nimeona dalsima ya Appalachia (ala ya nyuzi ya Marekani, hupigwa ikiwa mapajani) ya kutengenezwa kwa mkono, nyuzi 3, haina nembo. Nikague nini kabla sijalipa?

— Tazama ubao wa freti (vijiti vya chuma vinavyogawa noti) kwa ubavu. Ukiwa umepinda, achana nayo. Nyuzi zitakwaruza freti na kuunyoosha ni kazi kubwa. Kisha gonga mgongo kwa kidole. Ukisikia mtatariko, gundi imeachia. Hilo fundi atalimaliza.

— Nyuzi kuukuu usizikaze, kutu huzikata. Urefu wa uzi ukiwa sm 70 hivi, funga mbili za unene wa inchi 0.012 na besi (uzi mnene) ya 0.022, uzikaze kwa noti D-A-A, besi ikiwa D.

— Mkuu, hesabu freti pia! Za zamani nyingi hazina ya sita na nusu (freti ya ziada kati ya ya 6 na ya 7), hivyo ukifunga D-A-D utaikosa noti ya C♯. Kwa D-A-A, skeli (ngazi ya noti) ya D huanzia freti ya 3, tamu kabisa.