Siki, klorini au dawa ya choo: ipi itarudisha mng'ao wa sakafu?

Mtaka_Usafi
Wakuu, habari za muda huu. Kesho naenda kununua vitu vya usafi na sitaki kubeba chupa tatu kwa kazi moja. Sakafu yangu imefifia, ina utando mweupe ambao hautoki hata nikideki kila siku. Nimetajiwa siki, klorini, na ile dawa kali ya choo ukiizimua kwa maji. Mliotumia, ipi bora? Naomba jibu la moja kwa moja.

bi_ndoo
Siki nyeupe, mwanangu. Kikombe kwenye ndoo ya maji, unadeki, umemaliza. Mimi vioo siki, mabomba siki, birika siki. Sijui watu wanahangaika na nini.

Kifagio Kipya
Siki ni ya kachumbari. Klorini ndiyo dawa. Nyumba isiyonukia klorini mimi siihesabu kuwa imesafishwa.

fundi_sakafu
Mnaandika dawa na mgonjwa hajapimwa. Mkuu Mtaka_Usafi, hiyo sakafu ni ya nini? Vigae, terazo, saruji tupu, mbao? Sasa hivi unadeki na nini? Na huo weupe umeenea kote au uko karibu na bomba tu? Hujasema lolote kati ya hayo.

bi_ndoo
Sakafu ni sakafu, fundi.

fundi_sakafu
Hapana, bibi yangu. Siki ni asidi, japo hafifu, asilimia 5 hivi. Terazo ya kawaida ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa na saruji, na marumaru ni kalsiamu kaboneti. Asidi inaila. Ukidondoshea siki ukaona vipovu, hiyo ni sakafu inayeyuka. Kigae chenye mng'ao wa kiwandani hakidhuriki, lakini yale maungio katikati ni saruji, nayo kila wiki unayala kidogo kidogo. Birika sawa, kwa sababu chokaa ya birika ndiyo unayotaka iyeyuke.

Na klorini, Kifagio, haiondoi chokaa wala utando wa sabuni. Inaua vijidudu na kufifisha madoa ya rangi, basi.

Kifagio Kipya
Sasa si bora iue vijidudu? Sakafu inakanyagwa na viatu vya kila aina. Mimi namimina bila kupima. Macho yakianza kuwasha najua imefika.

nesi_mstaafu
Macho yakianza kuwasha umezidisha, baba. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na kosa hili nimeliona kwa watu wengi: wanamwaga klorini juu ya uchafu. Uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Kwanza sabuni na maji, unasuuza, halafu ndiyo klorini, na unaiacha ilowanishe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kupaka na kufuta papo hapo ni kujichosha. Kama chupa yako ni ya asilimia 5, sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 49 za maji inakupa asilimia 0.1, na kwa nyumbani hiyo inatosha. Maji yawe baridi. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imeshapungua nguvu. Na sinki la stili usiliache limelowa klorini usiku kucha, litaota vishimo.

Shemeji wa Pili
Naona hakuna aliyeigusa ile ya tatu, dawa ya choo. Ngoja niseme.

Kaka yangu alihamia nyumba yenye korido ya terazo, nzuri, ya zamani, unajiona uso. Mke wake akamwita kijana wa usafi afanye usafi wa kuhamia. Kijana ni mchapakazi, sina neno naye. Akaanzia chooni na dawa kali, ile yenye asidi ya hidrokloriki, akaona choo kimekuwa cheupe pee. Akasema mbona inafanya kazi, akaizimua akapiga korido nzima. Ikatoa povu. Yeye akadhani povu ni uchafu unatoka, akaongeza nyingine.

Kisha akarudi chooni. Dawa bado iko ndani ya bakuli, hajaflashi, na yeye anataka kumalizia na klorini ili pasinuke. Akamimina. Mlango amefunga ili maji yasitoke koridoni. Tulichosikia sisi ni kikohozi, halafu mlango unagongwa. Alitoka ametapakaa machozi, hawezi kuvuta pumzi sawasawa. Hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa na harufu ya kuchoma. Tukamtoa nje kwenye upepo, tukafungua madirisha yote, na kaka akampeleka hospitali. Alipona, tunashukuru, lakini kifua kilimsumbua siku kadhaa.

Baada ya yote hayo ndipo tukaitazama korido. Imekuwa kama ubao wa chaki. Shemeji akaisugua kwa sabuni, kwa siki (msisahau, siki!), kwa kila alichoambiwa. Ikazidi.

nesi_mstaafu
Hiyo ilikuwa gesi ya klorini. Klorini na asidi yoyote, siki ikiwemo, havikutani. Na dawa za vioo zenye amonia vilevile, zinatoa gesi nyingine mbaya. Hata mkojo uliokaa chooni una amonia, kwa hiyo flashi kwanza. Kijana alifanya vizuri kutoka. Wengine hubaki ndani wakijaribu kusuuza.

bi_ndoo
Ndiyo maana mimi sina klorini ndani. Mtaka_Usafi, siki ukiona haitoshi changanya na beking soda. Inavyochemka utaona mwenyewe nguvu yake.

Mwalimu wa Ubao
Bi_ndoo, heshima yako, lakini hapo zinauana. Siki ni asidi, beking soda ni besi. Ule mchemko ni kabonidayoksaidi inatoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi ya sodiamu asetati. Hayana ukali wa asidi tena, wala chembe za kusugulia. Tumia moja, suuza, kisha nyingine kama ni lazima.

bi_ndoo
Mbona sinki langu linang'aa?

Mwalimu wa Ubao
Kwa sababu unalisugua.

bi_ndoo
Haya mwalimu. Nitaendelea kulisugua na mchemko wangu.

Mtaka_Usafi
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Sebuleni ni terazo, jikoni na bafuni ni vigae. Weupe uko kote ila jikoni umezidi, hadi miguu inanata. Nadeki na sabuni ya unga, makopo mawili kwa ndoo ili inukie. Kusuuza sisuuzi, maji ya sabuni si yanakauka yenyewe?

fundi_sakafu
Sasa tunaongea. Kesho usinunue kitu kwanza. Chukua kitambaa cheupe na maji ya moto matupu, sugua eneo dogo jikoni. Likitoa povu, basi unayoyasugua ni makopo yako mawili ya miezi yote. Maji yanakauka, sabuni haiendi popote. Inabaki inanata na kushika vumbi, nawe unaona uchafu unaongeza sabuni.

Dawa yake ni ndoo mbili. Moja ina sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja au viwili tu, nyingine maji safi ya kusuuzia deki. Maji yakibadilika rangi, mwaga. Mara za mwanzo utadeki kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kabisa hadi povu liishe. Kama maji yenu ni magumu na unatumia sabuni ya mche, utando unazidi kuwa mgumu, na hapo siki iliyozimuliwa inaruhusiwa kwenye vigae tu, na unasuuza haraka. Terazo, hapana.

Kifagio Kipya
Deki lenyewe je? Haya ya mpini yanazungusha uchafu tu. Kitambaa na magoti ndiyo usafi.

dada_wa_kona
Magoti ya nani? Ya kwako au ya mkeo? 😂 Deki si tatizo, tatizo mnalitunza limelowa ndani ya ndoo. Linanuka, halafu mnalipaka nyumba nzima. Lifue, likamue, litundike kichwa juu likauke.

Kifagio Kipya
Mimi nalifua na dawa ya kulainisha nguo kabisa, pamoja na vile vitambaa vya mikrofaiba.

dada_wa_kona
Ndiyo maana hupendi deki. Hiyo dawa inapaka nyuzi mafuta, kitambaa hakinyonyi maji tena. Sabuni kidogo tu inatosha.

Kifagio Kipya
Lakini kinanukia.

Mtaka_Usafi
Mrejesho. Jikoni limetoka povu kama nafua shuka, fundi uko sahihi. Ila sebuleni, karibu na mlango, povu hakuna na weupe uko palepale. Pia chini ya sinki nimekuta nusu chupa ya dawa ya choo, aliiacha mpangaji aliyepita.

fundi_sakafu
Pitisha kidole. Pana mkwaruzo kuliko katikati ya sebule? Tuma picha ya mwanga wa pembeni. Kama asidi imeshakula, hakuna chupa ya kuurudisha mng'ao, ni mashine ya kusugua na kung'arisha, kisha kuziba vinyweleo vyake upya. Usijaribu kwa brashi ya waya.

Mtaka_Usafi
Pana mkwaruzo, ila si sana. Picha jioni.

Shemeji wa Pili
Kaka alipata fundi wa mashine, lakini hadi leo ukisimama upande wa dirisha unaona alipoishia.

mgeni_humu
Naomba kudandia uzi. Kioo cha bafu kimejaa alama za matone, na fremu yake ni ya marumaru. Siki ipite au?

Mwalimu wa Ubao
Kwenye kioo, kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, huku fremu umeifunika. Usinyunyize.

bi_ndoo
Nyunyiza kidogo tu, mwanangu.