Naomba ushauri: mitungi pacha ya kuanzia, chuma lita 12 au alumini?

Pono
Wakuu, habari zenu. Nimezamia kwa mtungi mmoja miaka minne, sasa naingia kozi ya mbizi za kiufundi, zile za kupita mipaka ya mbizi za burudani. Nimeona jozi mbili za mitungi pacha (miwili iliyounganishwa, ya kubeba mgongoni) zilizotumika zinauzwa: chuma lita 12 za shinikizo la bar 232, na alumini zile za lita 11.1 za bar 207. Moyo uko kwenye chuma kwa sababu hewa ni nyingi, na kuna jamaa ananipigia debe niruke moja kwa moja kwenye lita 15. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi mbili, kilo 58. Navaa suti laini ya milimita 5, suti kavu (isiyoingiza maji, inayojazwa hewa ndani) sina na sitarajii kuwa nayo karibuni. "Soma nyuzi za zamani" nimeshaambiwa, asanteni.

Kolekole
Lita 15 kwa kilo 58? Ngazi ya boti utaipandaje, mkuu? Winchi?

Nguru_Mzee
Pono, jibu umeshalitoa mwenyewe pale uliposema suti laini.

Hewa ina uzito. Pacha za chuma zikijaa ni lita 5,568 (12 mara mbili mara 232), na hizo ni kilo 6.7 hivi za hewa tupu. Unazama nazo, pamoja na chuma ambacho mara nyingi hakielei hata mitungi ikiisha, pamoja na bamba la mgongoni. Mita 30 shinikizo ni bar 4. Vipovu vya suti vimeminywa, ile milimita 5 haikubebi tena. Bawa (mfuko wa hewa wa mgongoni unaokufanya uelee) likichanika hapo utapiga mapezi mpaka mapaja yawake moto. Mwenye mkanda wa risasi (vipande vya madini ya kuongeza uzito) angeufungua akapanda. Wewe risasi hukuvaa hata kipande, uzito wako wote ni mitungi, na mitungi ndiyo unayoipumulia. Utatupa nini?

Alumini ni kinyume. Ikikaribia kuisha, kila mtungi unataka kuelea kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Manifoldi (bomba linalounganisha mitungi miwili) na bendi (pete za chuma zinazoifunga pamoja) zinameza sehemu ya huko kuelea, iliyobaki unaifidia kwa risasi. Watu wanalalamika "kwa nini nibebe risasi", lakini risasi hiyo ndiyo unayoweza kuiacha ikaenda.

Halafu hiyo hewa nyingi unayoililia. Tuseme juu ya maji unatumia lita 20 kwa dakika. Mita 40 ni bar 5, kwa hiyo lita 100 kwa dakika. Ukienda kwa kanuni ya theluthi (moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba), alumini zinakupa dakika 15 za kwenda, chuma 18. Dakika tatu, mkuu! Na hizo chuma wakikujazia bar 200 tu badala ya 232, unabaki na 16.

Taa_Madoa
Mzee anatisha watu. Wengi wanazamia na chuma na suti laini. Funga bawa lenye mapafu mawili, moja likipasuka unajaza la pili, kazi imeisha.

Nguru_Mzee
Taa, sijasema haiwezekani. Nimesema si ya kuanzia. La pili likiingiwa na hewa kidogo kidogo bila wewe kujua, unapanda kama kizibo huku unakamua bawa lisilo na kitu. Anayeanza bado anahangaika kukaa mlalo, usimwongezee kitendawili.

Bi_Kaa
Mimi ni mfupi kukuzidi, kwa hiyo nisikilize mimi kuhusu urefu. Alumini ni ndefu. Ukizishusha zinakugonga makalio kila hatua, ukizipandisha kisogo kinakutana na manifoldi na mbele huoni. Kuna chuma lita 12 fupi nene na kuna ndefu nyembamba, hata hizo hazifanani mgongoni. Usinunue kabla hujaazima. Ingia bwawani, lala mlalo, funga na ufungue vali ya kulia, ya katikati (inayotenganisha mitungi miwili), ya kushoto, bila kupanda wala kushuka. Ukishindwa, usilaumu mkono mfupi kwanza. Mara nyingi ni kamba za mabega zimebana.

Changu77
Za mtumba angalia shingo. Vali ya M25 (yenye skrubu ya milimita 25) huingia kwenye shingo ya robo tatu ya inchi, inazunguka vizuri tu, inashika nyuzi chache, halafu wakati wa kujaza inaruka kama risasi, na si ile ya mkanda. Alama za shingo na za vali zisomeke sawa. Tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji imegongwa begani mwa mtungi. Ikifutika, achana nao. Ndani mulika na tochi.

Mkizi
La mitungi wameshasema, mimi naongeza la vali ya katikati. Mbizi yangu ya tano na pacha, dakika ya kumi, geji inasema 200. Dakika ya kumi na mbili, 200. Nikajisifu kimoyomoyo, leo napumua kama kasa. Kumbe aliyejaza aliacha ya katikati imefungwa na mimi sikukagua. Geji iko kushoto, mdomo wangu unavuta kulia. Mwenzangu ndiye aliyegonga kioo cha geji kwa kidole, akanionyesha sindano, akageuza kiganja: mbona haisogei? Tangu hapo naigusa kwa mkono kabla ya kuruka, hata kama nimeigusa dakika mbili nyuma.

Pono
Mrejesho, wakuu. Chuma nimeziacha, lita 15 hata sizitaji tena. Nimeazima alumini kwa mwalimu, tumeingia bwawani jana. Vali ya kulia na ya katikati nimefika, ya kushoto nikawa napapasa maji tu. Tukalegeza kamba ya bega la kushoto vidole viwili, bendi tukazishusha sentimita tatu ili mitungi ipande. Nikaifikia, kwa ncha za vidole. Jumamosi tunarudi kujaribu sentimita mbili zaidi. Na Bi Kaa, kuhusu kisogo na manifoldi: nundu ninayo.